Kiazi Kitamu Dirishani: Shajara ya Siku 190

Nilitaka mmea wa ndani usiohitaji udongo. Ukingo wa dirisha langu ni mwembamba, chungu hakikai, na udongo ukimwagika pale huishia kitandani. Kiazi kitamu ndani ya bilauri ya maji kilionekana jibu jepesi: kiazi, vijiti vitatu, maji, kazi imekwisha. Wengi wanaosimulia jambo hili huishia wiki ya nne, majani yanapokuwa mazuri ya kupigwa picha. Mimi yaliyonipata yalianza hasa baada ya hapo.

Gharama nazitaja kwa vitu na muda. Yaliyokwenda sawa nimeyapitia haraka. Anayetaka kuiga asome kwanza ya tarehe 22 Februari na 12 Aprili, hata kabla hajachagua kiazi.

4 Januari, siku ya 1

Vitu: viazi vitatu, bilauri mbili, chupa moja ya mdomo mpana, vijiti vya meno tisa, na maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha.

Viazi nimevipa herufi. A ni kinene, gramu 310, ngozi nyekundu, na upande mmoja kimeanza kutoa vinundu viwili vya zambarau. B ni kirefu, gramu 240, kimenyooka kama mpini, ncha zake zote mbili zinafanana. C ni gramu 280 na ndicho kizuri kuliko vyote: laini, hakina doa wala kovu. Kilikuwa kwenye friji kwa wiki mbili hivi.

Kila kiazi nimekichoma vijiti vitatu kiunoni ili kining'inie kwenye mdomo wa chombo, theluthi ya chini ikiwa majini. Dirisha linapata jua la asubuhi. Chumba kina nyuzi 24 hadi 27.

Neno moja kuhusu juu na chini, maana litarudi. Kiazi mviringo ni shina lililovimba, ndiyo maana kina macho. Kiazi kitamu ni mzizi uliovimba. Hakina macho ya namna ile; machipukizi yake huzuka penyewe kwenye ngozi, na mengi huzukia upande uliokuwa umeshikana na shina mama. Huo ndio upande wa juu. Utautambua kwa kovu la kikonyo, kijiduara kikavu. Upande wa chini huchongoka, mara nyingi una kimkia cha mzizi mwembamba. Kwa A na C nililiona kovu. Kwa B nilikisia.

13 Januari, siku ya 10

C kimekufa.

Siku ya 5 maji yake yalikuwa na weupe kana kwamba yametiwa tone la maziwa. Nikabadilisha. Siku ya 7 yalinuka kama kitu kilichochacha. Nikabadilisha tena, nikakisugua kiazi kwa brashi laini, nikaona nimefanya jambo la maana. Siku ya 9 kidole gumba kiliingia ubavuni bila kusukuma.

Nilikipasua kabla ya kukitupa. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia hata sehemu ambazo nje ngozi ilikuwa safi kabisa. Friji ndiyo iliyokiua. Kiazi kitamu ni mmea wa nchi za joto, na kikikaa chini ya nyuzi 12 hivi nyama yake huumia bila kuonyesha chochote kwa nje. Kinangoja kirudi kwenye joto ndipo kianze kuoza. Kwa hiyo C kilikuwa kimeshakufa siku nilipokichagua kwa uzuri wake.

Hasara: kiazi kimoja, siku tano za kukiuguza, na nzi wadogo waliokaa chumbani wiki nzima.

A kina mizizi sita, mrefu zaidi sentimita 2. B kimya.

27 Januari, siku ya 24

A kimetoa machipukizi manne. Refu zaidi lina sentimita 7, na majani machanga ni ya zambarau, yanageuka kijani kadiri yanavyokua.

B juu ni kikavu kama siku ya kwanza. Juzi nilikinyanyua ili nikitupe, nikakuta kisa chenyewe kiko chini. Ndani ya maji kulikuwa na machipukizi matano meupe, yamejipinda kama ndoana, yanajipenyeza kati ya kiazi na kioo yakitafuta njia ya kupanda. Nilikuwa nimekisimamisha kichwa chini, miguu juu, na chenyewe wala hakikudanganyika.

Kosa la pili nililifanya papo hapo: nilikigeuza. Machipukizi mawili yalikatika yakipita mdomoni mwa bilauri. Mizizi iliyokwisha kuota karibu na machipukizi ikabaki hewani, ikakauka kwa siku mbili. Sasa kiazi kina majani yasiyo na mizizi, kinaanza upya.

Ningekiacha. Machipukizi yangefika juu yenyewe, yangechelewa tu. Na kwa kiazi chenye ncha zinazofanana kuna njia isiyohitaji kukisia hata kidogo: kilaze kwenye bakuli pana lenye maji ya kina cha sentimita moja, ukisubiri kwa wiki mbili au tatu. Kitakuonyesha chenyewe wapi ni kichwani. Hapo ndipo ukisimamishe.

9 Februari, siku ya 37

B kimeotesha mizizi mipya upande wa chini, ilichukua siku 8. Machipukizi matatu yaliyopona yamegeuka kijani. Nimekisamehe, nadhani na chenyewe kimenisamehe.

Utando wa kijani umefunika ndani ya vyombo vyote. Kioo kinachopitisha mwanga pamoja na maji yenye chembechembe za chakula, utando lazima uje. Ukiwa kidogo hauna neno. Ukizidi hushika mizizi, na unapokufa kuoza kwake hula oksijeni ambayo mizizi inaihitaji.

Nimevisugua vyombo, nikavifunga kwa foili kutoka kitakoni hadi shingoni. Utando ulikoma. Lakini siku tano baadaye machipukizi ya A yalilala mezani kama nyuzi. Maji yalikuwa yameshuka hadi chini ya kiazi na sikuweza kuyaona. Nilijaza, na ndani ya saa tatu yakasimama tena. Marekebisho ni mepesi: acha ufa wa upana wa kidole kwenye foili, wima, uelekee chumbani na si dirishani. Ufa wa kuchungulia tu.

22 Februari, siku ya 50

Hili linanitia aibu, kwa hiyo nalipa nafasi.

Mama alikuja kukaa siku tatu. Usiku wa kwanza hakulala. Asubuhi alisimama mbele ya dirisha, akafunua foili kwa ncha ya kidole, akaniita.

"Mwanangu, huu ni mmea au umeanza kufuga mbu?"

"Mama, maji yale nabadilisha."

"Lini?"

Sikuwa na jibu. Kweli nilikuwa nikibadilisha mwanzoni, kila wiki. Kisha machipukizi yakarefuka, kuvinyanyua viazi kukawa kazi, nikaanza kujazia tu yaliyopungua. Kujazia si kubadilisha. Maji yale yale yalikuwa na siku 16. Nilipoyamwaga kwenye beseni jeupe, viluwiluwi vilicheza humo kama koma zilizotoroka kwenye ukurasa. Kwenye joto la chumba changu, yai la mbu linaweza kufika mbu mzima kwa siku 7 hadi 10. Nilikuwa nimeshahitimisha kizazi kimoja na cha pili kilikuwa njiani. Foili yangu ya werevu ndiyo iliyowafichia.

Nilichojaribu, kwa mpangilio:

Kwanza, kumwaga na kusuuza. Haikutosha. Mbu aina ya Aedes, wale wanaouma mchana na kueneza dengi, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa siku maji yatakapoyafikia. Aina niliyokuwa nayo sikuitambua, lakini sikuona sababu ya kubahatisha. Sasa nasugua ukuta wa ndani kwa brashi ya chupa, hasa ule mstari wa juu ya maji. Maji machafu yanakwenda kwenye udongo mkavu nje, si kwenye kitu kingine kinachotuama.

Pili, jirani alinishauri nitie matone ya mafuta juu ya maji. Yangewaua viluwiluwi, kweli. Yangefunga pia uso ule ule ambao maji yanapitishia hewa, na mizizi ingekabwa. Nilimshukuru, sikufanya.

Tatu, kuziba. Kati ya kiazi na mdomo wa bilauri kuna nafasi tatu, moja kati ya kila kijiti na kijiti. Nilizungushia kitambaa cha pamba kama shuka shingoni. Usiku ncha ya kitambaa iligusa maji, ikanyonya, ikayatoa nje tone kwa tone mpaka ukingo wa dirisha ukalowa na godoro likapata doa. Asubuhi bilauri ilikuwa nusu tupu. Nimeweka kipande cha chandarua cha zamani badala yake, kimefungwa na mpira juu kabisa ya maji. Hakinyonyi, hewa inapita.

Nne, na hii ndiyo iliyomaliza kazi: kalenda. Jumatano na Jumapili maji yote yanatoka. Hakuna kiluwiluwi kinachokomaa kwa siku nne. Mama aliondoka kabla hajaona matokeo, akaacha maagizo.

Gharama: godoro la kuanika siku mbili, brashi moja, na dakika 20 mara mbili kwa wiki.

8 Machi, siku ya 64

A kina marando matano, refu zaidi sentimita 94. B kina matatu, sentimita 40 hivi.

Nilidhani yatapanda yenyewe. Hayana vikonyo vya kujishikizia kama mmea wa tango. Rando la kiazi kitamu kwa asili hutambaa chini, likitoa mizizi kwenye kila kifundo kinachogusa udongo. Baadhi ya aina hujizungusha kidogo, yangu hata hiyo hayataki. Nimepitisha uzi kutoka pembe moja ya dirisha hadi nyingine, nikayafunga kwa fundo legevu kila baada ya sentimita 20. Fundo la kukaza hukata shina, nimejua hilo kwa kupoteza jani moja na kipande chake.

Kosa la mwezi ni jua. Machipukizi yalikuwa yamerefuka kwa pingili ndefu dhaifu yakitafuta mwanga, nikaona niyapeleke mara moja kwenye dirisha la jua la mchana. Siku mbili, majani saba yakapata mabaka meupe makavu. Jani lililokulia kwenye kivuli halina kinga ya jua kali. Ilinipasa kulizoesha, saa moja siku ya kwanza, mbili siku inayofuata. Nimerudisha kwenye jua la asubuhi, na kila siku ya kubadilisha maji nakizungusha chombo robo mzunguko ili mmea usiinamie upande mmoja.

Kuinama kwenyewe ndiko kulikovunja bilauri. Marando ya A yote yalikuwa yakielekea kioo, uzito ukawa mbele, na jana usiku nilisikia mlio. Bilauri ilikuwa sakafuni, kiazi chini ya kitanda, na rando refu limekatika ncha ya sentimita 15. A nimekihamishia kwenye mtungi mzito wa kioo, kokoto zilizooshwa kitakoni. Ile ncha iliyokatika sikuwa na moyo wa kuitupa, nikaitumbukiza kwenye chupa tupu ya dawa, ya kahawia, nikaiweka kwenye rafu ya vitabu.

13 Machi, siku ya 69

Ile ncha ya kwenye chupa ya dawa imeota mizizi. Siku tano. Hakuna kiazi humo.

23 Machi, siku ya 79

Majani ya chini ya A yanageuka manjano, moja baada ya jingine, kutoka chini kwenda juu. Manane sasa. Ya juu ni ya kijani.

Kinachoanza na majani ya zamani mara nyingi ni upungufu wa nitrojeni. Mmea unainyang'anya kutoka kwenye jani kuukuu na kuipeleka kwenye jani jipya. Kiazi ni ghala la wanga, nguvu ya kuanzia, lakini mmea mkubwa unahitaji zaidi ya wanga na maji ya bomba hayana cha kutosha. Kwa hiyo mbolea ya maji, ya mimea ya ndani.

Chupa ilisema kifuniko kimoja kwa lita moja. Nilitia kifuniko kimoja kwa lita moja. Kipimo kile kimewekwa kwa ajili ya udongo, ambao hushikilia sehemu ya chumvi. Ndani ya maji mizizi imeoga ndani yake mchana na usiku. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa za kahawia, zinavunjika kama karatasi iliyopitiwa na moto, na ncha za mizizi zimepoteza weupe wake.

Marekebisho: maji matupu kwa wiki nzima, kisha robo ya kipimo. Jumapili maji yenye mbolea, Jumatano maji matupu. Na yakipungua katikati, jazia maji matupu tu. Mmea hunywa maji haraka kuliko chumvi, hivyo kujazia yenye mbolea ni kuikoleza bila kujua.

30 Machi, siku ya 86

Majani mapya matatu, safi. Robo inatosha.

12 Aprili, siku ya 99

A kimeoza. Marando nimeyaokoa, karibu yote.

Wiki iliyopita niliyakuta yamelegea asubuhi. Jioni baada ya jua nisingeshangaa, lakini asubuhi mmea ulitakiwa uwe umejaa maji. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji hadi nusu ya kiazi, na yalipozidi kulegea nikaongeza hadi vijitini. Naandika hili polepole ili lieleweke: mmea uliosimama ndani ya maji ukalegea, uwezekano mkubwa ni kwamba mizizi imekufa, na maji zaidi yanaua iliyobaki. Mizizi inavuta oksijeni. Nilikuwa nikimwokoa mtu anayezama kwa kumtilia maji.

Jana nilikitoa. Kuzunguka kila kijiti cha meno kulikuwa na duara la kahawia laini, na kwenye kimoja manyoya ya kijivu yenye vichwa vidogo vyeusi, yaani ukungu. Uozo uliingilia kwenye matundu niliyotoboa mimi siku ya kwanza. Ukungu wa namna hii hutafuta jeraha, na mimi niliupa matatu, tena karibu na mstari wa maji ambako unyevu haukauki. Yalivumilia siku 98.

Usiku huo huo nilikata marando. Utaratibu:

Kila kipande kiwe na pingili tatu au nne. Kata sentimita moja chini ya kifundo, kwa wembe safi, maana mizizi hutokea kifundoni. Ondoa majani ya chini, acha mawili au matatu ya juu. Utomvu mweupe utatoka, unanata, ukikauka kwenye nguo unabaki doa jeusi. Suuza ncha mpaka utomvu ukome, vinginevyo maji yatachafuka siku ya kwanza. Kisha vyote kwenye chombo kimoja, vifundo viwili majini.

Vipande 11. Leo asubuhi baada ya usiku mmoja bado vimelegea, jambo la kawaida. Nimeviweka kivulini.

B nimekiangalia kwa hofu. Matundu yake yana rangi lakini ni magumu. Nimevuta vijiti vyote na kukihamishia kwenye chupa yenye shingo nyembamba, mabega ya kiazi yakikalia mdomo wenyewe. Hakuna kijiti wala jeraha jipya. Ningeanza hivi tangu mwanzo: tafuta chupa inayolingana na kiazi, au kiazi kinacholingana na chupa. Vijiti ni vya picha.

20 Aprili, siku ya 107

Tisa kati ya 11 vimeota mizizi. Viwili vimekufa. Kimoja nilikiachia jani ndani ya maji, likaoza, likakiambukiza shina. Cha pili, baada ya kukichunguza sana, nilikuwa nimekitumbukiza kichwa chini.

Ndiyo. Tena.

3 Mei, siku ya 120

Vipande tisa viko kwenye mtungi wa kauri usiopitisha mwanga, pamoja na mtoto wa chupa ya dawa ambaye sasa ana sentimita 60 na ndiye mwenye afya kuliko wote. Hakuna foili, hakuna utando wa kijani. Kubadilisha maji kumetoka dakika 20 hadi dakika 6: nashika fungu zima kwa mkono mmoja, namwaga, nasugua, najaza, narudisha. Chandarua kinafunika mdomo kama kilemba.

Tofauti moja ya kuzingatia ni kwamba vipande havina ghala. Kiazi kilivumilia siku 70 bila mbolea. Hivi vilianza kupauka wiki ya tatu. Robo ya kipimo imeanza mapema.

Utitiri umeingia. Vitone vyepesi vya manjano juu ya majani, na chini yake utando mwembamba kuliko wa buibui. Karibu na kioo hewa ni kavu na moto, ndiyo wanayoipenda. Hapa faida ya kutokuwa na kiazi ilionekana: nilibeba mtungi mzima hadi bombani, nikaosha kila jani chini na juu kwa maji ya nguvu kiasi. Nimerudia kila siku ya nne, mara tatu, kwa kuwa mayai hubaki na huanguliwa baadaye. B sikuweza kukibeba hivyo, marando yake yamefungwa uzini. Nilikifuta jani kwa jani kwa kitambaa, saa moja na nusu.

1 Juni, siku ya 149

Manjano imerudi, lakini sura yake nyingine. Safari hii ni majani mapya kabisa, manjano yenye mishipa ya kijani, kama ramani ya mito. Ya zamani hayana tatizo. Hiyo ni njaa ya chuma: tofauti na nitrojeni, mmea ukishaweka chuma kwenye jani kuukuu hauwezi kukihamisha, kwa hiyo kinachoumia ni kipya. Nilisoma upande wa nyuma wa chupa ya mbolea. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu, basi. Kwenye udongo ningesamehewa, kwenye maji sikusamehewa.

Nimebadilisha kwa yenye chuma na virutubisho vidogovidogo vingine, robo ile ile. Baada ya siku 12 majani yaliyofuata ni ya kijani. Yaliyokuwa manjano yamebaki nusu nusu, sitegemei yabadilike.

Kwa anayeuliza kama viazi vitazaa humo chupani: sijaona hata mzizi mmoja ukinenepa, na sitarajii. Mzizi wa kuvimba unataka giza na udongo mlegevu wenye hewa. Huu ni mmea wa majani.

12 Julai, siku ya 190

Hali: B kipo. Ngozi yake juu ya maji imekunjamana kama ya ndizi ya wiki mbili, marando manne, refu zaidi mita 2 na sentimita 10. Mtungi wa kauri una vipande tisa, dirisha lote la kushoto limefunikwa. Mtoto wa chupa ya dawa amehamia chumba kingine na tayari nimemkata mara mbili.

Vilivyokwenda: viazi viwili, bilauri moja, foili, vijiti vya meno tisa, brashi mbili, chupa moja na nusu ya mbolea, vipande viwili vya rando, majani mengi. Muda sikuuhesabu tangu mwanzo. Kuanzia Mei ni kama dakika 15 kwa wiki kwa mtungi, na B peke yake kinakula zaidi ya hapo.

B kikioza sitakiwekea kingine. Nitakata marando yake na chupa nitaitumia kwa vipande.

Jumapili Mama alikuja. Alifunua chandarua, akachungulia kwa muda, akapiga gongagonga mtungi kwa kucha, akachungulia tena. Kisha akasema anataka "ule mmea wako wa mbu" kwa ajili ya dirisha lake. Nilimkatia vipande vitatu vya pingili nne nne, nikavizungushia kitambaa chenye unyevu, na kwenye kila kimoja nikafunga uzi mwekundu upande wa juu.